Pua Iliyolazwa Siku ya Tambiko

Wenkai: Haloo? Nani mwenzangu?

Suching: Haloo, nata—

Wenkai: Kama ni nyinyi wa kifurushi kilichokwama forodhani, mmekosea mtu. Sina kifurushi, sina akaunti, sina hata paka.

Suching: We Kai! Ni mimi.

Wenkai: Mimi nani? Wote mnasema mimi. Juzi mmoja kajifanya mjomba wangu wa Miaoli, na mjomba mwenyewe nimemzika.

Suching: Mimi dada yako uliyemchoma mguu kwa pasi ukiwa na miaka sita. Nikuletee kovu ulikague?

Wenkai: (anacheka, kisha anakohoa) Dada Suching! Sasa mbona namba ngeni?

Suching: Napiga kwa simu ya wodini. Yangu iko kwenye chaji. Umekula?

Wenkai: Nimekula.

Suching: Umekula nini?

Wenkai: Si... chakula.

Suching: Mama kasema jana jioni wali hukuugusa. Kasema umetapika mara mbili, ukafungulia bomba ili asisikie.

Wenkai: Yule mama naye! Redio ikilia haisikii, mtu akitapika anasikia.

Suching: Na asubuhi umetoka giza bado, hukumuaga.

Wenkai: Zamu yangu ilianza saa kumi na mbili, bwana. Dada, sikia, niko chumba cha kubadilishia nguo, mtandao humu— (mikwaruzo) —kuta zote chuma, unasikia?

Suching: Nakusikia vipande vipande. Sogea dirishani.

Wenkai: Dirisha lenyewe ni moja, na linatazama ndani ya maabara. Hapa nilipo namwona mwenzangu Pailun peke yake, kavaa lile vazi jeupe mpaka kichwani, utadhani mzimu wa—

Suching: Shh! Usiwataje kwa jina. Mwezi huu ni wao, wameachiwa kutembea duniani. Sema ndugu wema.

Wenkai: Haya. Utadhani ndugu mwema anayeoka mikate. Umeridhika?

Suching: Mama kasema macho yako yamekuwa ya manjano.

Wenkai: Taa ya jikoni ile. Hata jokofu ni la manjano pale.

Suching: A-Kai, nina wagonjwa kumi na wawili hapa kwenye mashine za kusafisha damu. Nimemwomba mwenzangu anishikie dakika kumi. Usizimalize kwa utani. Nikikuuliza, jibu.

Wenkai: Uuu. Mwalimu wa zamu kaingia.

Suching: Kichwa?

Wenkai: Kinauma kidogo.

Suching: Tumbo?

Wenkai: Linasokota. Na kiuno hapa nyuma, kama nimebeba magunia. Uchovu tu, Dada. Tuna kazi ya saa thelathini mfululizo, tunapokezana mimi na Pailun tangu jana asubuhi, usiku mashine inajiendesha yenyewe.

Suching: Mkojo?

Wenkai: Dada!

Suching: Nimesema mkojo. Mimi ni nesi, na nepi zako nilizifua mimi.

Wenkai: (anashusha sauti) Ulikuwa mwekundu.

Suching: Mwekundu?

Wenkai: Ngoja, usianze! Najua ni nini. Jana ndiyo tulifanya tambiko la mwezi wa saba hapa uani. Mkurugenzi wetu, Daktari Lo, kajaza meza: bata, biskuti, bia, na matunda ya joka yale ya nyama nyekundu. Udi ulipokwisha tukagawana. Nimekula matatu. Wewe mwenyewe mwaka juzi ulikula moja, ukaenda chooni, ukatoka unalia kwamba unakufa!

Suching: (anacheka kidogo) Nilikuwa sijalala siku mbili.

Wenkai: Uliandika wosia!

Suching: Sikuandika. Niliutaja tu.

Wenkai: Basi ndiyo hivyo hivyo. Tunda la joka. Tuachane na mkojo wangu.

Suching: Wekundu wa namna gani?

Wenkai: Namna gani tena? Mwekundu ni mwekundu.

Suching: Tunda la joka linatoa rangi ya waridi. Inapendeza hata kuitazama. Wa kwako ulikuwa wa waridi?

(Wenkai anakohoa.)

Suching: A-Kai.

Wenkai: Ulikuwa kama chai ya rangi. Ile nzito, iliyokaa kwenye birika tangu asubuhi.

Suching: ...Nani mwingine kala hayo matunda?

Wenkai: Karibu wote.

Suching: Na nani mwingine kakojoa chai?

Wenkai: Sasa nitamwendea mkurugenzi nimuulize hivyo?

Suching: Jana mlichoma na soseji?

Wenkai: Tambiko bila soseji? Vijana wa ofisini walichoma, na vitunguu saumu vibichi pembeni, wanatafuna hivi, pembe ya uani yote inanuka.

Suching: Na wewe?

Wenkai: Saumu? Mimi? Miaka saba sijagusa saumu. Kwenye harusi yako si uliniona nimekaa na bakuli la tofu kama mtawa?

Suching: Nilidhani umegombana na mpishi. Hujawahi kuniambia kwa nini.

Wenkai: Ni desturi yetu sisi wa mashine ile inayopanda tabaka za silikoni kwenye kisahani. Kuna gesi tunaitumia kidogo sana, chembe tu, kwenye tabaka za juu. Gesi ya arseniki. Haina rangi, haiwashi macho. Ikivuja inanuka saumu, basi. Kwa hiyo anayefanya kazi pale hali saumu, ili pua ikinusa saumu ajue hicho si chakula cha mtu.

(Mikwaruzo.)

Suching: Rudia.

Wenkai: Nimesema anayefanya kazi pale—

Suching: Nimesikia. Nilitaka wewe ujisikie.

Wenkai: Aa, Dada, acha bwana. Pailun alikula! Nilimwona kwa macho yangu. Shemeji yake kaja na soseji, kamtia saumu mdomoni kwa nguvu, watu wanacheka. Tuliporudi ndani pakanuka. Nikamtukana, nikamwambia umetuletea mdomo wa soko la usiku kwenye chumba safi kuliko vyote mjini Hsinchu. Akavaa barakoa mbili kwa aibu.

Suching: Na barakoa mbili zikaizuia harufu?

Wenkai: ...Ilipungua.

Suching: Leo je? Leo umenusa?

Wenkai: Leo asubuhi kidogo. Nikasema huyu mtu hata meno hapigi mswaki.

Suching: Saa ngapi?

Wenkai: Saa kumi na mbili na nusu hivi. Kabla sija—

Suching: Na Pailun kaingia saa ngapi?

(Mikwaruzo.)

Suching: A-Kai. Pailun leo kaingia kazini saa ngapi?

Wenkai: Saa moja.

Suching: Kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu humo ndani ulikuwa na nani?

Wenkai: Peke yangu.

Suching: Toka kwenye hilo jengo.

Wenkai: Subiri, Dada, subiri kwanza—

Suching: Toka sasa hivi! Hiyo gesi inapasua damu, mwanangu. Inapasua chembe za damu moja moja, na mabaki yote yanakwenda kuziba figo. Nilikuwa na mgonjwa mmoja, fundi wa kuyeyusha madini. Alikuja siku ya pili akitembea mwenyewe, anatania manesi!

Wenkai: Akawaje?

Suching: Toka nje.

Wenkai: Akawaje, Dada?

Suching: Na kengele yenu je? Mna kengele. Ulimwonyesha Mama picha, ile mnayoiita pua ya mashine. Ulisema inanusa kuliko mbwa wa polisi.

Wenkai: Haikulia.

Suching: Kwa nini haikulia?

(Mikwaruzo.)

Suching: Kwa nini pua haikulia, Wenkai?

Wenkai: Imelala.

Suching: Imelala vipi?

Wenkai: Kila mwaka siku ya tambiko tunailaza. Moshi wa udi ukipenya, na zile karatasi za pesa za ndugu wema zinazochomwa pipani, inalia, jengo zima linajifunga, zimamoto wanakuja, aibu. Kwa hiyo kuna ruhusa ya saa mbili. Unailaza, watu wanatambika, unaiamsha. Ipo kwenye karatasi, imegongwa mhuri.

Suching: Tambiko lilikuwa jana mchana.

Wenkai: Ndiyo.

Suching: Leo ni saa tano asubuhi.

Wenkai: Ndiyo, Dada.

Suching: Nani alipaswa kuiamsha?

Wenkai: (kwa sauti ndogo) Mimi.

Suching: Umesahau?

Wenkai: Sikusahau.

Suching: Mungu wangu.

Wenkai: Nisikilize! Pua ukiiamsha inajipima kwanza. Inafunga vali zote dakika kumi. Na mashine ilikuwa imeshaanza kupanda tabaka, ikikatwa katikati ile kazi ni ya kutupa. Unajua nini kipo humo ndani? Silikoni ile safi. Ile ya kawaida, ya kwenye simu yako, ina chembe kaidi zinazunguka kama pia za watoto. Kubiti, ile chembe inayofanya hesabu za kompyuta mpya, ikikaa jirani nazo inachanganyikiwa, inasahau hesabu. Hii ya kwetu wameichambua nje ya nchi, katika chembe elfu ishirini kaidi imebaki moja. Mtungi mmoja, tumeusubiri miezi kumi na minne, na ndio huo unaokwisha. Kikifaulu, kisahani kimoja kinabeba kubiti maelfu, zote zinafanana. Si zile mbili tatu za kuringishia wageni. Hapo ndipo kompyuta ya kwanta inaacha kuwa hadithi.

Suching: Sijakuuliza habari za kisahani.

Wenkai: Jumatatu Daktari Lo anakipeleka mbele ya watu. Na kwenye maandishi jina langu litakuwemo, Dada. Kaniambia mwenyewe. Fundi! Hapa hakuna fundi aliyewahi kuandikwa. Sisi tunapaka mafuta na kubeba mitungi, wao wanaandikwa.

Suching: Utaandikwa, usijali. Hata jiwe la kaburi huandikwa jina.

Wenkai: Dada...

Suching: Nimekosa, nimekosa. Ptu! Mwezi kama huu na mimi mdomo wangu. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi... basi, unajua walivyosema. Imebaki muda gani hiyo kazi?

Wenkai: Saa mbili. Mbili tu, Dada. Mimi nimeshatoka huko ndani, niko huku. Pailun anamalizia, tutaiamsha pua, na mimi nakuja hospitali moja kwa moja, naapa.

Suching: Pailun anamalizia.

Wenkai: Ndiyo.

Suching: Yuko humo tangu saa moja. Kuna mtu kamwambia?

Wenkai: Bado.

Suching: Kwa hiyo wewe umekaa nyuma ya kioo, na mwenzako yuko ndani na hicho kitu.

Wenkai: Usiseme hivyo.

Suching: Niseme vipi? Nifundishe. Anafanya nini sasa hivi?

Wenkai: Amekaa.

Suching: Kakaa vipi?

Wenkai: Kwenye kiti. Kaegemea meza ya vipimo. Kichwa... kichwa kakiweka mkononi.

Suching: Gonga kioo.

Wenkai: Haturuhusiwi kugonga, mtetemo unahari—

Suching: Gonga kioo, mpumbavu wewe!

(Mlio wa ngumi kwenye kioo. Mara tatu. Tena mara tatu.)

Suching: Enhe?

Wenkai: Kanyanyua mkono. Polepole hivi. Kanionyesha kichwa, anaashiria kinamuuma.

Suching: Kuna namna ya kuzima kila kitu kutokea hapo ulipo?

Wenkai: Kuna mkono mwekundu wa dharura, hapa kando ya mlango.

Suching: Ukiuvuta?

Wenkai: Gesi zote zinakatika, feni kubwa zinavuta hewa yote nje, milango inafunguka, kengele inalia jengo zima. Na kisahani kinakufa. Kila kitu kinakufa. Miaka minne.

Suching: Vuta.

Wenkai: Daktari Lo atanifuku—

Suching: Vuta, A-Kai.

Wenkai: Watauliza pua nani aliilaza. Watasoma kwenye kumbukumbu, saa na jina langu. Hata kiwanda cha balbu hakitaniajiri.

Suching: Nitakulisha mimi. Utakaa kwangu, utanioshea vyombo, nitakutukana kila siku. Vuta huo mkono.

Wenkai: Saa mbili tu, Da—

Suching: Mama yake Pailun humfahamu? Yule anayeuza maandazi ya mvuke pale Zhudong, anayekuongezea moja kila ukipita? Kesho utapitia njia gani kwenda nyumbani?

(Pumzi.)

Wenkai: (analia) Nilikipanda mwenyewe, Dada. Tabaka kwa tabaka.

Suching: Najua, mdogo wangu. Najua. Vuta.

(Chuma kinagonga chuma. Kengele kali inaanza kulia, na feni zinanguruma.)

Suching: A-Kai? A-Kai!

Wenkai: (anapiga kelele) Nimevuta! Nimevuta!

Suching: Usiingie ndani! Umenisikia? Yeye ndiye atoke, wewe usiingie!

Wenkai: Kasimama! Anayumba... anakuja. Anakuja! Ananitukana, Dada! Katoka, ananitukania mpaka babu!

Suching: Acha atukane. Anatukana, basi anapumua. Tokeni wote nje, uani, kwenye hewa. Usikate simu! Nachukua simu yangu kwenye chaji... Haloo, dharura, mia moja kumi na tisa? Watu wawili, wamevuta gesi ya sumu, arseniki... ndiyo, arseniki... A-Kai, jengo gani?

Wenkai: Jengo la pili, lango la nyuma, penye banda la baiskeli.

Suching: Jengo la pili, lango la nyuma. Mmoja tangu leo asubuhi, mwingine... Ndiyo, anaongea. Fanyeni haraka, nawaombeni. Ni mdogo wangu. (pumzi) Wanakuja, A-Kai. Mmefika nje?

Wenkai: Tumefika. Tumekaa chini. Watu wote wanatoka, wanatutazama. Daktari Lo yule pale, hajavaa hata viatu vizuri.

Suching: Usimwangalie. Pailun hali yake?

Wenkai: Kichwa tu. Anasema hajatapika. Chooni kaenda leo kabla ya saa nne, anasema wa kawaida kabisa.

Suching: Ahsante. Ahsante Mungu. Mwambie anywe maji, asisimame. Sasa wewe. Ile harufu ya kwanza kabisa uliinusa leo alfajiri?

Wenkai: Hapana, si nimekwambia? Jana tulipotoka kwenye tambiko. Saa tisa mchana. Pailun akaenda zake mapema, mimi nikakaa mpaka saa kumi na mbili jioni.

Suching: Jana saa tisa.

Wenkai: Ndiyo. Lakini usihofu, Dada, mimi nimeanza kupata nafuu. Nilikuwa nataka kukwambia tangu mwanzo, ukawa unanifokea. Ule mkojo mwekundu umekwisha.

Suching: Umekwisha? Umeuona msafi?

Wenkai: Sijauona kabisa. Tangu saa tisa usiku sijaenda tena. Nimekunywa chupa mbili za maji na sisikii haja hata kidogo. Kwa hiyo umeisha, si ndiyo?

(King'ora kwa mbali.)

Wenkai: Dada? Mtandao?

Suching: Nipo.

Wenkai: Si ni nafuu hiyo?

Suching: ...Ni nafuu, mdogo wangu.

Wenkai: Mbona sauti yako hivyo?

Suching: Nimesimama muda mrefu. Sikiliza. Wakifika, waambie wakulete kwetu, si kwingine. Sema dada yangu ni Peng Suching wa ghorofa ya nne. Nakuwekea mashine ya pembeni, ile ya—

Wenkai: Mashine?

Suching: Kitanda. Nimesema kitanda.

Wenkai: Umesema mashine, Dada.

Suching: Nimechanganya. Humu siku nzima natamka mashine.

Wenkai: Wale watu wako wa mashine... wanakaa miaka mingapi?

Suching: Wapo wa miaka ishirini. Wanafuma sweta, wanacheza karata, wananigombeza chai ikipoa. Kuna mzee mmoja ananitafutia mume wa pili na wa kwanza yupo.

Wenkai: (anacheka, anakohoa) Na yule fundi wa kuyeyusha madini?

Suching: Gari limefika? Nasikia king'ora.

Wenkai: Linaingia langoni. Wanashusha machela. Dada, yule fundi aliyekuja siku ya pili anatembea, anatania manesi. Hujanijibu.

(Mikwaruzo.)

Suching: Haloo? Sikusikii vizuri.

Wenkai: Nimeuliza yule fundi—

Suching: Mtandao, A-Kai. Haloo?

Wenkai: Mimi nakusikia vizuri kabisa. Niko nje.

Suching: Sikusikii, mdogo wangu. Panda gari. Panda tu, nakusubiri mlangoni.